CHUMVI INAINGIA, LAKINI HAITOKI
(Somo juu ya mashini ya chumvi katika pisini)



Najua wengi watacheka: "Prefe anatuandikia habari ya pisini, na sisi hata moja hatuna!" Ni kweli. Lakini hii kazi nimeifanya kwa mikono yangu wakati wa vakansi, na nimefanya mu ile kazi kosa moja ambalo nataka lifundishe wengine. Tena mu mashini ile kuna somo la kimia ambalo tulisoma mu kalasi bila kuliona na macho.

Mjomba wangu anachunga pisini ya nyumba moja katika mutaa wa Golf. Pisini ile inashika maji litri 40.000. Hawatupi klorini ndani. Wanatia chumvi, na mashini ndogo inatengeneza klorini yenyewe.

MASHINI INAFANYA NINI?

Maji yenye chumvi kidogo inapita katikati ya vibamba viwili vya titane, na umeme inapitishwa mule. Njo elektrolizi. Sisi watu wa Katanga tunaijua: kule Shituru mu Likasi na kule Luilu mu Kolwezi, umeme inachukua shaba iliyo ndani ya maji na kuibandika juu ya kibamba. Hapa pisini, chumvi na maji vinatoa vitu vitatu: klorini, soda na hidrojeni. Klorini inaua vijidudu. Hidrojeni inapanda juu kama mapovu. Mapovu yale yanasaidia gazi karbonike kutoka ndani ya maji, ndiyo sababu pH ya pisini ya namna hii inapenda kupanda kila mara.

Chumvi inayotakiwa ni gramu 3 hadi 4 kwa litri. Si nyingi, kwa maana maji ya bahari iko na gramu 35. Na chumvi ile haiishi: klorini ikimaliza kazi yake, inarudi kuwa chumvi tena. Jua likikausha maji, chumvi inabaki. Mushike neno hili, kwa sababu ni hapo nilianguka.

KOSA LANGU

Mwezi wa saba mjomba alikwenda Kasenga kwa matanga. Akaniachia funguo na maneno mafupi: "Uangalie tu. Kama kuna kitu, uningoje." Mnajua baridi ya kipwa kwetu Lubumbashi: usiku inashuka chini ya digrii 10. Asubuhi moja nikakuta taa ya mashini inawaka: CHUMVI KIDOGO. Sikupima, sikungoja. Nikafungua mifuko minne ya kilo 25, nikamwanga yote. Taa ikazimika. Nikajiona ingenieri.

Mjomba akarudi. Akauliza: "Ulitia mifuko mingapi?" Nikajibu: "Mumoja tu." Niliogopa, kwa sababu mifuko ile mwenye nyumba angeikata mu mushahara wake.

Mwezi wa tisa joto likarudi. Mashini ikasimama kabisa, na maji ikaanza kugeuka kijani. Mwenye nyumba akasema mashini imekufa, na kama ni mulinzi aliyeiharibu, atailipa. Mjomba akatafuta ugonjwa juma nzima. Mimi nilikuwa pale siku ya posho, namwangalia, ninanyamaza.

NJIA YA KUTAFUTA UGONJWA

Hivi njo alivyotafuta, na ni utaratibu muzuri kwa mashini yoyote. Anza na kitu kidogo, umalize na kikubwa.

1. Je, maji inatembea? Filtre ikijaa uchafu, maji inapita polepole na mashini inajifunga yenyewe. Ni vizuri ijifunge, maana hidrojeni ikikusanyika ndani ya mupira inaweza kulipuka. Aliosha filtre. Haikuwa hiyo.

2. Je, umeme inafika? Alizima yote kwanza, kisha akaangalia nyuzi na kutu. Hakuna kitu.

3. Je, vibamba ni safi? Maji ya inchi yetu inapita mu mawe ya chokaa, na chokaa inashikamana juu ya vibamba kama ganda jeupe. Unaviloweka katika vinegre, ao katika asidi iliyopunguzwa. Angalisho: asidi njo inaingia katika maji, hapana maji katika asidi! Na usichanganye hata siku moja asidi na klorini, gazi yake inaua. Wala usikwangue na kisu. Aliosha. Haikuwa hiyo.

4. pH ni ngapi? Inatakiwa 7,2 hadi 7,6. Ikipita 8, klorini iko, lakini sehemu kubwa yake ni vivu, haiui vijidudu vizuri. Yetu ilikuwa 7,5.

5. Jua linakula klorini? Klorini isiyo na kitu cha kuilinda inaisha na jua la mchana kwa masaa machache. Hiyo pia ilikuwa sawa.

6. Chumvi ni ngapi KWELI? Hapa mjomba akaazima kwa mwenzake vile vikaratasi vya kupima chumvi, maana hakutaka kuamini taa peke yake. Kikaratasi kikasema gramu 6 kwa litri.

Akakaa chini. Akahesabu na kijiti katika udongo: gramu 3,5 za zamani, na 2,5 zimetoka wapi? 2,5 mara litri 40.000 ni kilo 100. Akaniangalia. "Mifuko mine," akasema. Nikalia.

SASA, TAA ILISEMA UONGO?

Hapana. Mashini ile haionji chumvi kama ulimi. Inapima tu namna umeme inapita. Na maji ikipoa, umeme inapita vibaya, karibu 2 kwa mia inapungua kwa kila digrii moja. Maji ikishuka toka digrii 25 hadi 15, inapungua karibu 20 kwa mia. Basi gramu 3,5 zinaonekana kama 2,8, na taa inawaka. Mjomba akanieleza: "Mashini ilikuwa muzima. Ni baridi njo ilikuwa inaisumbua." Wakati wa baridi ilifaa kungoja tu, na kama klorini inapungua, kutia kidogo kwa mukono, kwa sababu uchafu pia unaota polepole maji ikiwa baridi.

BEI YA KOSA

Chumvi haitoki kwa dawa yoyote. Dawa ni moja: kumwanga maji na kutia mapya. Tulimwanga sehemu moja ya tatu, ndiyo zaidi ya litri 13.000, ni kusema zaidi ya bidoni 650 za litri 20. Maji ilipita mu mufereji wa barabara. Mama mumoja mwenye bidoni kichwani akasimama: "Papa, munamwanga mayi, na sisi tuko tunaitafuta tangu saa kumi na moja?" Mjomba hakusema neno. Mimi ndiye nilipaswa kujibu, na sikuweza. Maji ile hata kunywa haikufaa.

Kemia hii inaweza kumusaidia mama yule. Shirika Antenna la Geneva, Uswisi, limetengeneza kifaa kinaitwa WATA: gramu 25 za chumvi katika litri moja, na umeme, vinatoa dawa yenye karibu gramu 6 za klorini, inayosafisha maji ya kunywa. Sisi ambao tuliona kolera hapa Lubumbashi na Likasi mwaka wa 2008 ao tuliisikia kwa wazazi, tunajua thamani yake. Lakini hata hapo, dawa bila kupima ni kubahatisha: nusu saa kisha kutia dawa, maji inatakiwa kubaki na miligramu 0,5 ya klorini kwa litri.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba mimi mwenyewe, nikasema ukweli. Alikasirika, lakini mushahara wa mjomba haukukatwa. Mimi ninalipa mifuko ile kwa kufyeka majani yake kila siku ya posho mpaka leo.

Basi wenzangu: pima kabla ya kutia, na ukitia, useme kweli ulitia kiasi gani. Mjomba aliangalia vitu vitano vilivyokuwa vizima, sababu mimi nilificha kimoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pisini ya litri 60.000 iko na gramu 3 za chumvi kwa litri. Utatia kilo ngapi ili ifike gramu 4?
2. Kwa nini pH inapanda katika pisini ya chumvi?
3. Taa ya CHUMVI KIDOGO inawaka asubuhi ya mwezi wa saba. Utafanya nini KWANZA?

Majibu muyaweke katika sanduku la gazeti mbele ya siku ya tano.

Prefe wenu, kalasi ya sita