Ndovu Kifungoni: Maswali Yenu

Barua za safari hii zimetoka Mambrui, Gongoni na Marereni. Zile zinazouliza ndovu ana uzito gani nimeziweka kando. Mwulizeni mwalimu wa darasa la nne.

*Barua kadhaa zinauliza jambo moja: ndovu wa bustani ya wanyama mjini ana chakula, maji na daktari, na majangili hawamfikii. Je, si salama kuliko mwenzake wa Tsavo?*

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopitia kumbukumbu za ndovu zaidi ya 4,500. Nusu ya majike wa Kiafrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya walikufa kabla ya kutimiza miaka 17. Amboseli, ambako kila ndovu amefuatiliwa kwa jina tangu 1972, umri huo wa katikati ulikuwa miaka 56. Mtasema hesabu hiyo imewaacha nje waliouawa na binadamu. Haya, warudisheni, wa mikuki na wa risasi: unashuka hadi karibu 36, na bado ni maradufu ya Ulaya. Ukame nao siukatai. Kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilihesabu ndovu 205 waliokufa. Ila ukame hupisha mvua, ilhali sakafu ya saruji ipo mwaka mzima. Mnyama wa tani tatu akisimama hapo siku nenda siku rudi, nyayo hupasuka, kucha hutunga usaha, maambukizi hupenya hadi mfupani. Na kwa kuwa anakula bila kutembea, hunenepa, na unene huzidi kuielemea miguu ileile. Daktari mnayemsifu anashinda akichonga kucha zilizoharibiwa na sakafu ya mwajiri wake. Wenye bustani hujitetea kwamba takwimu hizo ni za zamani na mambo yameboreka. Yameboreka, na utafiti wenyewe ulikiri hivyo kuhusu ndovu wa Afrika. Hata hivyo, vifo vya ndovu waliokomaa bustanini bado vilizidi mara kadhaa vile vya Amboseli.

Anayetaka mfano wa karibuni atazame Karachi. Mwaka 2009 ndovu wanne walipelekwa huko kutoka Tanzania wakiwa bado watoto, kisha wakagawanywa wawili wawili: Noor Jehan na Madhubala bustanini, Sonia na Malika Safari Park, jiji lilelile. Aprili 2023 Noor Jehan, miguu ikiwa imemshinda, alitumbukia katika bwawa la boma lake, akafa siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 17, umri ambao jike wa Tsavo ndiyo kwanza anaanza kulea. Madhubala aliunganishwa na wenzake Novemba 2024. Mwezi uliofuata Sonia naye akafa, na uchunguzi ukakuta kifua kikuu. Chakula walipewa. Daktari aliitwa.

*Kinyesi cha ndovu kikifukizwa hutibu degedege?*

Hapana. Mpelekeni mtoto hospitali, na anayewauzia mmwulize yeye wake humpeleka wapi.

*Malindi nayo ijengewe bustani ya wanyama, watoto wetu waone ndovu?*

Sabaki inayomwagika baharini hapo kwenu ndiyo ile Galana inayowanywesha ndovu wa Tsavo Mashariki, na barabara ya Sala inawafikisha getini. Kodini basi la shule.

*Kama kifungo ni kibaya hivyo, mbona wote wasirudishwe porini?*

Mwaka 2021 wenye bustani ya Howletts, Kent, Uingereza, walitangaza kuwaleta Kenya ndovu 13. Serikali ikasema haikushauriwa. Nia si mbaya, ila njia ya maji ya kiangazi ndovu hufundishwa na nyanya wa kundi, na aliyezaliwa Kent hana wa kumfundisha. Ndovu wengi wa kifungoni wanafaa hifadhi ya kuishi maisha yao yote, kama ya PAWS, California, iliyowapokea Toka, Thika na Iringa kutoka Toronto mwaka 2013. Iringa alikufa miaka miwili baadaye, na wapinzani wakapiga kelele. Miguu mibovu alikwenda nayo. Hifadhi haifuti miongo ya saruji. Lakini jihadharini, kibao cha "hifadhi" yeyote huchora. Penye kupanda ndovu mgongoni au kuoga naye kwa ajili ya picha, hapo ni sarakasi. Mimi huangalia kama mnyama anaweza kuondoka. Ndovu mayatima wa shirika la Sheldrick hulelewa Nairobi, huhamishiwa Voi, Ithumba au Umani, na siku ya kuingia porini huamua wenyewe. Wapo waliorudi baadaye kuwaonyesha walezi watoto wao.

*Nikimkuta mtoto wa ndovu peke yake?*

Usimpe maziwa ya ng'ombe, mafuta yake humharisha hadi afe. Daphne Sheldrick, wa shirika hilo la mayatima, alihangaika miaka mingi kabla ya kugundua kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayomkubali. Hiyo si ruhusa ya kumkamulia tui nyumbani. Kaa mbali, huenda mama yuko kichakani, na upige simu Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS.