Vitabu Vitatu vya Kusoma Likizoni

Mhariri ameniomba niwatajie wanafunzi vitabu vya kusoma katika likizo hii. Kazi hiyo naifanya kwa furaha, lakini sikuona vyema kuandika orodha ndefu ya majina, ambayo mtu huisoma, akaikunja, na asikitafute hata kitabu kimoja. Nitataja vitatu, na viwili vya nyongeza kwa wenye hima. Kimoja ni hadithi ya mapenzi, cha pili ni hadithi ya mtoto anayekuwa mtu mzima, na cha tatu ni kitabu ambacho mtu ameandika maisha yake mwenyewe. Vyote vitatu vimeandikwa na wazaliwa wa Unguja, na mtu akivisoma kwa kufuatana ataona vinaulizana na kujibizana, kana kwamba waandishi wake wamekaa baraza moja.

Naanza na hadithi ya mapenzi, kwani najua ndiyo itakayofunguliwa kwanza.

"Vuta n'kuvute" ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mtu wa rika la baba yake, pasipo mwenyewe kuulizwa. Akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akamkimbia. Jamaa zake hawakumtaka tena. Aliyempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, maskini mwenye moyo mkunjufu, na huko ndiko alikojuana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye askari wa serikali ya Kiingereza walikuwa wakimwinda kwa ajili ya siasa yake. Mambo haya yanatokea katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza hapa kwetu.

Msomaji wa mjini atazame sana jinsi mwandishi anavyoutumia mji. Leo mtu hutoka Mji Mkongwe, akapita Darajani, akafika Ng'ambo kwa dakika chache, na njiani amenunua na muhogo wake wa kukaanga. Kwa Yasmin kuvuka pale kulikuwa ni kuacha jamaa, chakula alichokizoea, na heshima ya jina la ukoo wake. Adam Shafi hatuhubirii jambo hilo. Anatuonyesha tu nani alimfungulia mlango na nani aliufunga, kisha anatuacha tuone haya wenyewe.

Nasikia wazee wengine hawapendi watoto wao wasome hadithi za mapenzi. Mzee mmoja alinijia na kitabu hiki mkononi, amekifunga kwa gazeti kana kwamba ni samaki, akasema: "Mwalimu, nimemkuta binti yangu anasoma haya." Nikamwomba akisome yeye kwanza, kisha tuzungumze. Ni kweli kwamba kitabu hiki hakikuandikiwa watoto wadogo. Mna ulevi na ngoma na mambo ya wakubwa, nami simpi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Lakini kimewahi kuwa kitabu cha mitihani ya Kidato cha Tano na cha Sita, tena si bure. Mapenzi ya Yasmin na Denge yamesukwa pamoja na siasa hata huwezi kuyatenga. Msichana amempata mwanamume aliyempenda kwa hiari yake, lakini mwanamume mwenyewe moyo wake ameugawa nusu kwa nchi yake. Je, Yasmin amepata alichokitafuta? Binti wa miaka 17 akiuliza swali hilo kitabuni, hapotezi wakati. Amil Shivji ameitengeneza hadithi hii filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Aliyeiona filamu asidhani amekwisha kusoma kitabu.

Kitabu cha pili ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa hapa mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akakaa Uingereza na kuandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 kikatoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Nimekisoma kwa lugha zote mbili. Kwa Kiingereza watu wale walikuwa kama wageni waliovaa suti. Kwa Kiswahili wamevua viatu na kukaa mkekani.

Yusuf ana miaka 12. Nyumbani kwao huja tajiri mmoja, Aziz, ambaye yeye humwita ami, na kila akija humpa kijisenti. Siku moja anaambiwa atasafiri na ami yake. Hajui kwamba baba yake ana deni, na kwamba yeye mwenyewe ndiye rehani. Anafikishwa mji wa pwani, anawekwa dukani pamoja na kijana mwingine aitwaye Khalil, naye Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako. Nyuma ya duka mna bustani iliyozungushiwa ukuta, yenye maji na miti, na mtoto huyu ambaye hana chake duniani anaipenda bustani ile kuliko kitu chochote. Halafu anachukuliwa katika msafara wa biashara wa kwenda bara, wakati ambapo Wajerumani wanaikamata nchi. Mwisho wake sitausema. Nitasema tu kwamba msomaji aliyehifadhi Sura ya Yusuf atajikuta akitabasamu mahali fulani, panapotajwa nguo iliyochanika kwa nyuma.

Ninachotaka mkiangalie ni namna Yusuf anavyokua. Katika hadithi nyingi kijana hukua kwa kufanya mambo makubwa. Yusuf hukua kwa kuelewa. Kila baada ya sura chache anajua jambo moja zaidi juu ya ile nyumba, na juu ya watu waliowekwa ndani yake kwa madeni ya wazazi wao, na kila alijualo linamzidishia uzito.

Sasa nakuja kwenye kitabu ambacho kwa ajili yake hasa nimeshika kalamu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yako kando ya bahari, kaskazini ya mji, kwenye njia ya Bububu. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani jina lake Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane kijana na watoto watatu katika nchi ya baridi. Kwa ajili ya watoto wale ndipo alipoanza kuandika maisha yake, na mwaka 1886 kitabu kikachapishwa kwa Kijerumani. Kwa Kiingereza kimechapishwa mara nyingi, nacho huuzwa katika maduka ya vitabu hapa mjini.

Kurasa za utotoni ndizo tamu kuliko zote: bustani ya Mtoni, mabirika ya kuogea, farasi, umati wa ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi siku zile. Ujuzi huo ukamponza. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1856, na mwaka 1859 ndugu yake Barghash akafanya njama ya kumnyang'anya ufalme ndugu yao Majid. Kwa kuwa Salme alijua kuandika, akafanywa mwandishi wa barua za njama ile, naye hata miaka 16 hajatimiza. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto, kwa sababu Majid alikuwa amemtendea wema.

Mwenye kutafuta mapenzi katika kitabu hiki atatafuta sana. Anasema nyumba yake na ya Heinrich zilikuwa jirani, hata akiwa dirishani aliweza kuwaona wageni wa Kizungu wakila chakula katika sakafu ya juu ya nyumba ile. Baada ya kurasa chache tu keshakuwa safarini. Yasmin, ambaye ni mtu wa kutungwa, twamjua moyo wake wote. Salme, aliyeishi kweli, jambo kubwa la maisha yake amelipitia mbio. Mwenye kuandika maisha yake hachagui tu la kusema. Huchagua pia la kunyamazia, na Salme alikuwa akiandika hali anajua kwamba watoto wake watasoma.

Lakini kuna sura moja ambayo hakuna mwanafunzi wangu aliyeisoma akabaki kama alivyokuwa. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Akiwa mtoto mdogo, kwao kulivamiwa, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakatekwa, na mwisho akafika nyumbani kwa Sayyid Said, alikokuja kuwa suria. Salme ayasimulia haya kwa huruma. Kisha, mbele sana kitabuni, anaandika sura juu ya utumwa, na anautetea. Asema mtumwa wa Mwarabu hakuwa kama mtumwa wa Marekani, na anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuukomesha. Wakati huo soko la Mkunazini lilikuwa limekwisha fungwa tangu 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali Unguja. Amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897, na masuria, yaani wanawake wa hali ya mama yake, hawakuingizwa katika amri ile mpaka 1909.

Wako wanaoiruka sura hiyo, na wako ambao kwa ajili yake hukitupa kitabu kizima. Mimi nasema isomwe polepole, penseli mkononi. Kila mtumwa anapotajwa, tia alama. Kisha hesabu ni wangapi wamepewa jina, na wangapi wamesema neno kwa kinywa chao wenyewe. Ukimaliza, rudi kwenye "Peponi" usome zile sura za dukani, ambamo Khalil na Yusuf wanazungumza usiku. Salme aliandika aliyoyaona binti wa nyumba, tena hakusema uongo juu ya aliyoyaona. Gurnah amekwenda kuketi upande wa pili, kwa wale waliokuwa wakimletea binti huyo kahawa. Yusuf ni mtu wa kutungwa, na hata hivyo nisingependa mtu asome kitabu cha kweli bila ya kukisoma na hiki cha kutungwa.

Haya si mambo ya mbali kwetu. Katika darasa moja la skuli hii mna wajukuu wa waliokuwa na mashamba ya karafuu, na wajukuu wa waliozichuma karafuu zile bila ya ujira, na wengine ni wajukuu wa wote wawili, kama Salme mwenyewe alivyokuwa mtoto wa Sultani na mtoto wa mtekwa. Mwaka niliposomesha sura ile, darasa lilinyamaza kitambo kirefu. Kisha msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza: "Mwalimu, angeliandika hivi kama mama yake angelikuwa hai?" Jilfidan alikufa mwaka 1859. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Vile viwili vya nyongeza nitavitaja kwa mkato. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, Waswahili siku hizi huita tawasifu. Akiandika ya mwingine, huita wasifu. Tawasifu nzuri kwa wavulana wenye hamu ya kusafiri ni "Mbali na Nyumbani" ya huyo huyo Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2013, anamosimulia jinsi alivyoondoka Unguja akiwa kijana kwenda kutafuta elimu ng'ambo. Wasifu ni "Wasifu wa Siti binti Saad" wa Shaaban Robert, kitabu chembamba, juu ya binti wa Fumba aliyeuza vyungu na baadaye akaimba katika sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Kiswahili cha kitabu hicho kisomwe kwa sauti.

Maktaba ya skuli ina nakala moja moja ya vitabu hivi, isipokuwa "Vuta n'kuvute", ambavyo viko vitatu, kimoja hakina jalada. Anayechukua aandike jina katika daftari na arudishe wiki ya kwanza ya muhula. Yule mzee wa kitabu kilichofungwa kwa gazeti alirudi baada ya siku kumi. Hakukileta. Alikuja kuomba aongezewe wiki moja, kwa sababu mkewe alikuwa bado hajamaliza.