Namna ya Kumtafutia Mzee Mwaka Wake wa Kuzaliwa

Wiki hii nimepata furaha ambayo mtafiti wa nasaba huipata kwa nadra: bibi mmoja wa hapa Ilula amerudishiwa ukubwa wake mbele ya mdogo wake na wajukuu wao wote. Karani mmoja wa zamani, asiyekuwa na subira ya kuuliza, alimwandikia katika kadi kwamba alizaliwa mwaka 1946, ilhali mdogo wake wa kiume, aliyepita kwa karani mwingine, akaandikiwa 1941. Na tangu hapo vijana waliosoma wakaisadiki karatasi kuliko kinywa cha bibi yao. Dhuluma hiyo ilinikera mno, kwani katika posa, urithi na mashauri ya ukoo, mkubwa ndiye anayesikilizwa kwanza.

Hatua za kazi hii ni tatu. Ya kwanza, nenda mapema na uamkie kwa taadhima. Ya pili, uwe na daftari la kaunta lenye jalada gumu, wala usidanganyike na yale membamba yanayopangwa kando ya barabara kuu, ambayo wino hupenya upande wa pili na kurasa huchomoka kabla ya masika. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake ni madhubuti, na hata leo majina ya mababu wa watu nimeyashikilia kwa pini. Heri kuuza tenga zima la nyanya ukanunue daftari la maana.

Ya tatu ndiyo roho ya kazi: usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani. Muulize, jambo fulani lilipotokea, yeye alikuwa akifanya kazi gani, na nani alikuwa mgongoni mwa nani. Miaka huhesabiwa na serikali, bali kazi za nyumbani hufuatana na umri: kulea mdogo, kuchunga mbuzi, kulima na watu wazima, kuposwa. Kwa hiyo mimi hutembea na orodha ya matukio ya kwetu: Lugalo, 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski liliposhindwa na Wahehe, linalofaa kwa habari za mababu; Uhuru wa 1961; kuuawa kwa Dakta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, kule Isimani siku ya Krismasi 1971; na watu kuhamishiwa vijijini mwaka 1974. Lakini lililo bora kuliko yote ni 19 Juni 1954, siku Gavana Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, pale Kalenga, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambalo hata Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeagiza lirudishwe.

Nilipomtajia bibi siku hiyo, aliweka chini ungo wa maharage.

“Mjukuu wangu, mume wangu alikwenda Kalenga, mimi nikabaki. Nilikuwa nanyonyesha kifungua mimba wangu.”

Nikamgeukia mdogo wake. “Na wewe, babu?”

“Mimi nilikuwa machungani na mbuzi,” akasema, kisha, baada ya kimya kirefu, akaongeza mwenyewe, “Dada huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.”

Wajukuu walitazamana. Aliyezaliwa 1946 angekuwa na miaka minane siku ile, atanyonyeshaje? Jumamosi, katika kazi yangu ya kujitolea ya kunakili rejista kuukuu za ubatizo usharikani, nikalikuta jina la yule kifungua mimba, aliyebatizwa mwishoni mwa 1954, na jina la mama yake kando yake, kwa mwandiko ulionyooka wa mwinjilisti ambaye, Mungu amrehemu, aliijua thamani ya kazi yake.

Katika shajara ya ukoo nimeandika “takriban 1935”, na chini yake ushahidi wote, kila neno na msemaji wake, ili atakayekuja na hoja bora apate pa kuanzia. Nakala nimempa bibi mwenyewe, na wiki ijayo, inshallah, naendelea na wazee wengine wa tarafa ya Mazombe, kwani wanaoikumbuka siku ile ya Kalenga wanazidi kupungua.