Kuvaa na kusoma katika Kibengali

Siku ya Vasant Panchami (Januari au Februari), Wahindu wa Bengali humwadhimisha Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Wasichana huvaa sari ya manjano, rangi iitwayo basanti, kutoka neno la Kisanskriti vasanta, majira ya kuchipua. V imekuwa b. Wanafunzi huweka vitabu mbele ya sanamu na siku hiyo hawasomi.

Tuchunguze vitenzi viwili: pora, "kuvaa", na poṛa, "kusoma". Katika r ncha ya ulimi hugusa ufizi. Katika ṛ ulimi hujikunja nyuma, kisha hupiga kaakaa. Ni fonimu mbili, kama v na f katika kuvaa na kufaa. Sikio la Mswahili husikia r moja tu.

Hata Wabengali wengi, hasa wa mashariki, hawazitofautishi wanaposema. Ndiyo maana wengine huandika "kusoma sari" badala ya "kuvaa sari". Mwalimu huliita kosa la tahajia. Mwanaisimu huona zaidi: mwandishi ameandika kama anavyosikia. Basi, kabla ya kusahihisha daftari la mwanafunzi, tusikilize kwanza matamshi yake.