Kigunduzi cha Moto Kikilia Ovyo, Usikizime: Tafuta Sababu

Huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Hata hivyo, moto wa petroli au gesi huenea kwa sekunde chache, kabla gari la zimamoto halijafika. Ndiyo maana bohari za mafuta, vituo vya kujazia gesi na viwanda hufunga vigunduzi vya miali, vifaa vinavyouona moto bila kusubiri moshi.

Baadhi hutambua miale ya urujuanimno, vingine infraredi, na vingine vyote viwili. Havitambui gesi inayovuja. Kazi hiyo ina kifaa chake.

Usafi: Utando mwembamba wa mafuta kwenye kioo huzuia miale ya urujuanimno, na maji huzuia infraredi. Kifaa huonekana kizima kumbe ni kipofu. Pangusa kwa kitambaa laini, ukifuata maelekezo ya mtengenezaji.

Uelekeo: Tangi jipya au mizigo iliyorundikwa mbele ya kifaa huficha moto. Hakikisha kinaona eneo kinacholinda.

Kikilia bila moto: Uchomeleaji wa vyuma na radi huweza kukidanganya kifaa cha urujuanimno. Cha infraredi huweza kudanganywa na mashine yenye joto kali au jua linalomemeteka. Kagua pia nyaya zilizolegea, maji katika kisanduku cha nyaya, na umeme. Vingi hutumia volti 24.

Majaribio: Kazi hii ni ya fundi aliyehitimu. Kwanza arifu chumba cha udhibiti, tenga mfumo wa kuzima moto usije ukamwaga povu, na uweke mtu wa kulinda eneo. Tumia taa ya majaribio inayolingana na aina ya kifaa. Kamwe usiwashe kiberiti. Ukimaliza, rudisha mfumo kazini na uandike kwenye daftari.

Hatari kubwa huanza wafanyakazi wanapochoshwa na kengele na kukizima kifaa. Siku moto ukizuka kweli, hakuna atakayeonywa.

Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 zinamtaka mwenye mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi, uliza: kigunduzi chetu kilijaribiwa lini mara ya mwisho?