Rezini ifanye kazi ya mwisho: ginsi ya kupunguza gharama ya kusafisha maji ya akwariumu



Somo la leo haliko la bwawa. Ni la wale wanaofuga samaki ndani ya nyumba: ndani ya akwariumu ya vioo ao ndani ya beseni kubwa ya litri 100 ao 200. Mwingine analea vifaranga vya tilapia mbele ya kuvipeleka kwenye bwawa. Mwingine anauzisha samaki wa mapambo. Wote wanataka maji safi, na mara mingi wanaambiwa wanunue rezini.

Rezini ni bei kali, inatoka mbali, na inaisha upesi. Mutu anainunua, inajaa, anainunua tena, na vifaranga vinaendelea kufa. Feza inatoka mara mbili: kwenye rezini na kwenye samaki. Neno la kushika leo ni hili: rezini si mufanyakazi wa kwanza, ni wa mwisho. Kazi kubwa ya kusafisha maji inaweza kufanywa na vitu tunavyo hapa kwetu.

1. Rezini inafanya nini?

Rezini ni mbegu ndogo za plastiki, nyingi ziko na upana chini ya milimetre 1. Waza gari ya kubeba watu. Kila mbegu iko na viti, na madini yaliyo ndani ya maji (kalsiumu, manyeziumu na mengine) yanakuja kukamata viti hivyo. Viti vikijaa, maji yanapita sawa vile yaliingia. Rezini haijui kama aliyekaa ni adui ao ni rafiki. Ukiipatia maji yenye madini mengi, inajaa haraka, hata kama madini hayo hayangeumiza samaki wako.

Kuko namna mbili zinazopatikana sana:

• Rezini ya kulainisha maji. Inakamata kalsiumu na manyeziumu, na kwa fasi yao inaachilia sodiumu. Haishushi pH. Mutu anayeinunua juu ya kushusha pH anapoteza feza yake.

• Rezini ya kuchanganya. Iko na mbegu za namna mbili pamoja, na inaondoa madini karibu yote. Maji yanabaki matupu.

Tufanye hesabu. Litri 1 ya rezini ya kulainisha inaweza kutumikia karibu litri 250 za maji yenye miligramu 200 za ugumu kwa litri. Kisha imejaa. Ukichanganya maji hayo nusu kwa nusu na maji ya mvua, ambayo karibu hayana ugumu, rezini ile ile inatumikia karibu litri 500. Haujanunua kitu, lakini umepata mara mbili.

2. Je, samaki wako anahitaji rezini?

Mara mingi, hapana. Maji ya juu ya Ziwa Kivu na ya Ziwa Tanganyika yako na madini mengi, na pH yake iko karibu 9. Tilapia wanaishi humo bila shida. Hata sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika kuja Kivu karibu na mwaka wa 1959, walizaana wakajaza ziwa. Kwa hiyo maji yenye madini si sumu.

Tena, maji matupu kabisa ni mabaya. Samaki anahitaji kalsiumu na chumvi kidogo. Na maji yasiyo na madini ya kutuliza pH yanaweza kugeuka kuwa makali ndani ya siku chache. Rezini nyingi inaweza kuua samaki sawa vile uchafu.

Wenye wanaweza kuhitaji rezini ni wale wanaozalisha samaki wa mapambo wa maji laini, ao wale ambao maji yao ni magumu sana na hawana maji mengine ya kuchanganya.

3. Adui wa kweli ni amoniaki

Kinachoua vifaranga ndani ya chombo kidogo, mara mingi ni amoniaki. Inatoka kwa samaki mwenyewe, na kwa chakula kinachobaki na kuoza. Tuhesabu: gramu 10 za chakula cha samaki zinatoa karibu miligramu 300 za azoti ya amoniaki. Ndani ya litri 100, ni miligramu 3 kwa litri, kwa siku moja tu.

Hapa inaomba kusikia muzuri. Sehemu yenye sumu ya amoniaki inategemea pH. Kwa joto la digre 25:

• pH 7: chini ya sehemu 1 juu ya 100 ndiyo sumu kali.
• pH 8: karibu 5 juu ya 100.
• pH 9: karibu 36 juu ya 100.

Kwa hiyo uchafu ule ule, ndani ya maji ya ziwa yenye pH 9, unaumiza mara 60 hivi kupita ndani ya maji yenye pH 7. Ndani ya ziwa maji ni mengi na uchafu unatawanyika. Ndani ya beseni hauna fasi ya kukimbilia. Ndiyo sababu mutu anasema “maji ya ziwa yaliua samaki yangu,” kumbe ni chakula alichotupa yeye.

4. Hatua tano mbele ya rezini

Hatua ya 1: Pumzisha maji. Maji ya robine yako na klore. Klore inaumiza mashavu ya samaki, inaua mikrobe nzuri, na inaharibu mbegu za rezini. Acha maji ndani ya ndoo wazi siku moja nzima, na uyakoroge mara kwa mara. Maji ya kisima na ya chemchemi nayo yako mara mingi na gesi ya kaboni, na gesi hiyo inajaza rezini ya kuchanganya bure. Kuyakoroga kunaitoa.

Hatua ya 2: Chuja. Toboa chini ya ndoo. Weka mawe madogo chini, kisha kokoto, kisha muchanga uliooshwa sana, na kitambaa safi juu. Tope likifika kwenye rezini linafunika mbegu, na viti vinabaki vitupu bila kufikiwa. Ukitaka kuondoa rangi na harufu, ongeza makala yaliyopondwa na kuoshwa. Lakini ujue: makala ya jikoni hayaondoi ugumu wala amoniaki.

Hatua ya 3: Changanya na maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga. Wale wanaoishi upande ambako moshi wa Nyiragongo ao Nyamulagira unaelekea, muchunge: mvua iliyopita ndani ya moshi huo inaweza kuwa na asidi na fluore. Pima pH yake mbele ya kuitumia. Na usibadilishe maji ya samaki kwa gafula. Badilisha sehemu 10 mpaka 20 juu ya 100 kwa siku.

Hatua ya 4: Lea mikrobe nzuri. Kuko mikrobe zinazogeuza amoniaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali sana. Zinakaa juu ya kokoto ao sifongo fasi maji yanapita na hewa inaingia. Zinahitaji wiki 4 mpaka 6 juu ya kuongezeka, kwa hiyo anza na samaki wachache. Usioshe kokoto hizo na maji ya robine. Zisuuze ndani ya maji yaliyotoka kwenye akwariumu yenyewe. Mikrobe hizo zinakula pia madini ya kutuliza pH. Ni sababu ingine ya kutoondoa madini yote.

Hatua ya 5: Punguza chakula. Patia vifaranga kile wanamaliza ndani ya dakika chache, mara mbili ao tatu kwa siku. Kinachobaki, kitoe na neti. Maji machafu unayotoa yapeleke kwenye muchicha ao kwenye kitalu, ni mbolea.

5. Kama rezini ni lazima

Pitisha kwenye rezini maji yale tu yaliyopita hatua 1, 2 na 3. Usipitishe maji yote: tayarisha maji laini kidogo, kisha yachanganye na maji ya kawaida mpaka ufikie kipimo unachotaka.

Rezini ya kulainisha usiitupe ikijaa. Itoe, ioshe tope, kisha iloweke ndani ya maji ya chumvi: kwa litri 1 ya rezini, gramu 200 za chumvi ya jikoni ndani ya litri 2 za maji. Koroga kwa saa moja, mwaga, na suuza na maji safi mpaka ladha ya chumvi iishe. Maji hayo ya chumvi usiyamwage kwenye shamba, yanaharibu udongo.

Rezini ya kuchanganya ni ingine. Kuirudishia nguvu kunaomba asidi na soda kali, na inaomba kwanza kutenganisha zile mbegu mbili. Usijaribu nyumbani.

Angalisho kubwa: ikiwa uko na rezini ao mawe ya zeoliti ndani ya akwariumu juu ya kukamata amoniaki, usitie chumvi ndani ya maji hayo ili kutibu samaki. Chumvi inafukuza amoniaki kwenye viti vyake, na yote inarudi ndani ya maji kwa mara moja. Ondoa rezini kwanza, ao tibia samaki ndani ya beseni ingine.

6. Kazi ya kikundi

Kwa mukutano unaokuja, kila mutu alete chupa moja ya maji anayotumia, na mumoja alete ya mvua. Katika kila chupa mutie maji kipimo kimoja na vipande vya sabuni kipimo kimoja, kisha mutikise. Maji yanayotoa povu haraka ni laini. Yanayotoa povu kidogo na kubaki na utando mweupe ni magumu. Kisha mujibu pamoja:

• Ni nani kati yetu anayenunua rezini, na maji yake ni laini tayari?
• Ni hatua gani kati ya zile tano haijafanywa nyumbani kwake?
• Akizifanya zote, rezini yake itadumu siku ngapi zaidi?

Sekretere aandike majibu ndani ya kitabu cha kooperative. Kisha miezi miwili muangalie tena kitabu: feza iliyotoka kwa rezini, na hesabu ya vifaranga vilivyobaki wazima.