KIDONDA NA NYAMA ILIYOKUFA

Mtoto mmoja wa Katuba, mjini Lubumbashi, amejikata mguu kwa jembe. Nyumbani wamepaka majivu juu ya jeraha, wakalifunga kwa kitambaa. Siku ya tano mguu umevimba, usaha unatoka, na kando ya jeraha nyama imekuwa nyeusi, tena inanuka. Mama yake anampeleka hospitali. Mganga anasema: "Kwanza tutaondoa nyama iliyokufa." Mtoto analia: "Mama, mbona nikatwe tena?"

Sababu ni hii. Nyama nzima hulishwa na damu. Nyama iliyokufa haipati damu. Basi haiwezi kupona, wala dawa ipitayo katika damu haiifikii. Imekuwa chakula cha vijidudu. Hata kijidudu cha pepopunda hustawi humo, kwa maana hupenda mahali pasipo hewa. Nyama iliyokufa ikibaki, nyama mpya haina mahali pa kuota.

Mganga hunawa mikono, humpa mgonjwa dawa ya ganzi, kisha hukata kidogo kidogo. Ajuaje pa kukomea? Nyama nzima ni nyekundu, hutoka damu, tena hujikunja ikibanwa. Iliyokufa haifanyi hivyo.

Waganga walijifunza hayo kwa taabu. Katika vita ya 1914 hata 1918, askari wengi wa Ulaya walijeruhiwa katika mashamba yenye matope na samadi. Vidonda vilivyoshonwa upesi vilioza ndani. Huko De Panne, pwani ya Ubelgiji, mganga Antoine Depage aliongoza hospitali iliyowekwa katika hoteli. Yeye na wenzake walikata nyama yote iliyokufa, wakaacha kidonda wazi, wakakishona baadaye kilipokuwa safi. Malkia Elisabeth wa Ubelgiji aliisaidia hospitali ile. Kwa jina lake Lubumbashi iliitwa Elisabethville hata mwaka 1966.

Basi, watoto, mkijeruhiwa, osheni jeraha kwa maji safi na sabuni. Msipake majivu, wala udongo, wala mavi ya ng'ombe. Nendeni kwa mganga upesi, mkaulize pia habari za chanjo ya pepopunda. Msijikate wenyewe kwa wembe. Hiyo ni kazi ya mganga. Maumivu ya saa moja yaweza kuokoa mguu mzima.

Maswali
1. Kwa nini nyama iliyokufa haiwezi kupona?
2. Mganga hutambuaje nyama nzima?
3. Ukijikata shambani, utafanya nini kwanza?